Miaka Yangu ya Kushika Daftari la Kufa na Kuzikana

Mtaani kwetu hapa Moshi, ukitaka kujua mtu ni wa hapa au anapita njia, usimuulize kabila wala dhehebu. Uliza kama jina lake limo kwenye daftari. Ni kaunta buku nene lenye jalada jeusi, limefungwa kwa mpira wa baiskeli, na ndani yake mna majina ya watu ambao mtaa umekubali kuwazika. Nimelishika kwa miaka kadhaa nikiwa katibu wa chama cha kufa na kuzikana, hadi macho yalipoanza kunisumbua nikamkabidhi dada mmoja mwenye subira kuliko mimi. Nimeona niandike niliyojifunza humo kabla sijaanza kuyapamba, maana sisi wazee tuna tabia hiyo.

Tuko upande wa chini wa mji, kule barabara inakoshuka kuelekea mashamba ya miwa ya TPC na joto halina mzaha. Mtaa wetu si wa ukoo mmoja. Wachagga tupo, lakini wapo Wapare wa Mwanga na Same, wapo Warangi, Wanyaturu, Wasambaa, Waarusha wachache, na siku hizi wanafunzi na wauguzi wanaopanga vyumba. Mchagga ana mlimani kwao. Ana kihamba, yaani shamba la ukoo, ana migomba, ana makaburi ya babu zake kando ya nyumba. Akifa atapandishwa. Lakini mlimani hakukusaidii saa nane za usiku mtoto anapopata degedege na bodaboda hazipiti. Hapo anayekukimbilia ni Mrangi wa chumba cha pili. Ndiyo maana tukawa na chama, na ndiyo maana hakikuanzishwa na ukoo wowote.

Ada ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Mwanachama akifiwa na mzazi, mwenzi au mtoto, chama kinatoa rambirambi, kinaleta maturubai, viti vya plastiki, sufuria kubwa, na watu. Akifa mwenyewe kiasi kinaongezeka na chama kinatafuta gari. Katiba yetu ina kurasa sita, na nne kati ya hizo ni adhabu. Kati ya adhabu hizo, iliyokuwa ikitajwa kuliko zote ni ile ya malimbikizo: ukikaa miezi mitatu mfululizo bila ada na bila taarifa, umepoteza stahili zako zote.

Kifungu hicho kilikaa kimya karibu muda wote. Watu walilipa, au walikuja kuomba muda, au walihama. Kisha akafa fundi viatu.

Alikuwa mtu wa Singida, mpole, anakaa chini ya mwarobaini jirani na duka la mangi, na ubao wake wa misumari na vipande vya tairi. Kazi ilimpungukia kadiri viatu vya mtumba vilivyozidi kuwa rahisi. Mtu haoni sababu ya kushona soli wakati kwa pesa ileile na kidogo juu anapata kiatu kingine. Baadaye kifua kikaanza. Akaacha kuja vikaoni, akaacha kulipa, na hakutuma taarifa yoyote. Alipofia hospitali, kamati iliitwa usiku huohuo nyumbani kwa mwenyekiti.

Mwenyekiti, dereva mstaafu wa malori, alifungua kwa sala kisha akaniambia nisome. Nikasoma: miezi saba bila ada. Kwa kifungu, marehemu hakuwa na chake kwetu. Mmoja akasema tumchangie tu kama jirani. Mwingine akamjibu kwamba tukimpa huyu leo, mwezi ujao hakuna mjinga atakayelipa. Maneno yakawa mengi, na kama ilivyo kawaida ya vikao vyetu, waliosema zaidi ni wale wenye madeni ya mwezi mmoja mmoja.

Mweka hazina wetu ni mama wa makamo asiyependa kupaza sauti. Aliwangoja wamalize, akasema, "Tukivunja kifungu usiku kwa huruma, asubuhi tutakivunja kwa undugu." Wengine walimwona ana moyo mgumu. Mimi nilijua anasema kweli, maana niliwahi kuona chama kingine kikifa hivyohivyo: leo shemeji ya mwenyekiti, kesho mtoto wa shangazi ya katibu, keshokutwa mfuko umebaki na risiti.

Ndipo mama mmoja muuza ndizi pale Kiboriloni, mjane, akainua mkono.

"Mimi katiba siijui sana," akasema. "Nauliza tu. Siku ya mume wangu, nani alishika sururu?"

Kijana mmoja wa gereji akajibu, "Fundi."

"Na mtoto wa yule mama wa chumba cha kona?"

"Fundi, na sisi wawili."

"Na yule mzee Mpare?"

Hapo hakuna aliyehitaji kujibu. Huku kwetu chini ardhi ya makaburini ina mawe, si kama udongo mlaini wa mlimani. Shimo moja laweza kula asubuhi nzima na mipini miwili ya sururu. Kila shimo lililotajwa usiku ule, fundi alikuwemo. Nikafunua daftari. Ukurasa wake ulikuwa na safu mbili, kama kurasa zote tangu chama kianze: tarehe na fedha. Kwa daftari, fundi alikuwa mdaiwa wa shilingi 35,000. Kwa mama yule, chama kizima ndicho kilichokuwa kinadaiwa.

Mweka hazina hakurudi nyuma, na nilizidi kumheshimu kwa hilo. Alisema mfuko hautaguswa, lakini kila aliye humu ndani ana mfuko wake wa suruali au pindo la kanga. Akafungua lake wa kwanza. Wakati chai inaletwa, pesa ya sanduku na mafuta ilikuwa imetimia, gari lilikuwa la mwanachama aliyekataa kulipwa, na vijana wanne walikuwa wamekubali kumsindikiza fundi hadi kwao, kupitia Arusha, Babati na Katesh. Katika kumbukumbu za kikao aliniambia niandike kwamba huo ni mchango wa majirani na wala si stahili ya mwanachama. Niliandika hivyo neno kwa neno.

Katika mkutano mkuu uliofuata tulikirekebisha kifungu. Anayelimbikiza anapoteza fedha. Hapotezi turubai, hapotezi sufuria, hapotezi wapishi, wachimbaji wala wasindikizaji. Mimi niliunga mkono na bado naunga. Walioonya kwamba watu wataacha kulipa hawakukosea: wapo walioacha. Si wengi, nawajua kwa majina, na mmoja wao huwa ananisalimia kwa bashasha kuliko wote.

Wapinzani wakubwa wa mabadiliko yale walikuwa wazee wenzangu waliokulia mlimani, na hoja yao haikuwa ya kitoto. Waliileta kutoka kwenye mifongo. Kwa asiyejua, mfongo ni mfereji unaochepushwa kutoka mtoni huko juu, ukapitishwa ubavuni mwa mlima hadi kwenye vihamba. Wazungu waliopita Kilimanjaro katika karne ya 19 waliandika habari za mifereji hiyo kwa mshangao, maana hawakutegemea kuona maji yakitembezwa hivyo na watu wenye majembe tu. Mimi nimekulia Uru na nimeusafisha mfongo nikiwa mtoto. Mvua za masika zikishuka, kingo zinaporomoka, majani na mawe yanaziba, basi tarumbeta au sauti ya mzee inapita: kesho msaragambo, yaani kazi ya pamoja. Kila nyumba inatoa mtu. Asiyetoa hana zamu ya maji, au alete mbege ya faini. Hakuna polisi, hakuna hakimu, na kazi inafanyika, kwa sababu kila mtu anajua jirani wa juu yake anaweza kuyafunga maji kwa teke moja la tope.

"Mbona kule hatukuwa na huruma hizi?" mzee mmoja alituuliza. "Na maji yalifika."

Nimelifikiria swali hilo mara nyingi kuliko alivyodhani. Kwanza, huruma ilikuwepo. Kwetu mjane mwenye watoto wadogo hakudaiwa mtu wa msaragambo, wala mgonjwa. Pili, ukimnyima mtu zamu ya maji, maharage yake yananyauka na msimu ujao atakuja na jembe mapema. Maiti haijifunzi. Unayemwadhibu ni mke wake, ambaye pengine hata hakujua kuwa ada hazilipwi. Adhabu ya mfongo inamrudisha mtu kazini. Adhabu ya msiba inamtoa mtu mtaani, yeye na watoto wake, na watoto hao ndio tutakaowategemea siku mifupa yetu itakaposhindwa kushika sururu.

Hata hivyo wazee walishinda katika jambo moja. Walisema kama nguvu za fundi zilikuwa na thamani, basi nguvu ziandikwe. Ilionekana haki kabisa. Tukaongeza safu ya tatu kwenye daftari: kazi.

Sijawahi kuona safu ikileta ugomvi kama ile. Watu waliokuwa wakija msibani na kukaa hadi usiku walianza kuja, kutafuta daftari, kusaini na kuondoka. Wengine walimtuma mtoto. Mmoja alidai kukesha kuhesabiwe kama kuchimba, na kukesha kwenyewe tunakujua: drafti na kahawa chini ya turubai, na ubishi wa Simba na Yanga. Wakati huohuo wanawake waliokuwa jikoni tangu alfajiri hawakuandikwa popote, kwa sababu daftari lilikuwa kwenye meza ya wanaume upande wa barabarani. Nilipolipeleka jikoni, mama mmoja aliyekuwa akisonga ugali aliniangalia na mwiko wake mkononi akasema, "Katibu, nisaini wapi, kwenye ugali?"

Walicheka wote, nami nikacheka, ila swali lile lilifanya kazi kuliko mkutano. Tulipopiga hesabu kweli, tukaona chama kizima kilikuwa kimejengwa juu ya migongo ya akina mama kama ishirini hivi ambao hakuna kifungu kilichowataja. Walikuwa wakilipa ada sawa na sisi, kisha wanatoa siku nzima ya biashara, kisha wanaosha sufuria. Mtu anayeuza mboga akikosa siku sokoni, mboga zinaoza. Hapati likizo ya msiba. Tukaifuta safu ya kazi, na badala yake tukagawa mtaa katika zamu. Kila zamu ina wajibu wake, na maji, kuni na kuosha vyombo ni kazi ya wanaume. Siku hizi sufuria zinaoshwa na wanaume. Vibaya, lakini zinaoshwa.

Jambo jingine lilinijia kutoka upande ambao sikuutazamia. Mimi ni Mlutheri, na nilizoea msiba wetu ulivyo: mwili unakaa mochwari ndugu wa Dar es Salaam wakingojewa, mazishi Jumamosi, lori au Coaster mbili za kupandisha watu mlimani, chakula cha mamia. Mwislamu akifa asubuhi, mara nyingi alasiri ameshazikwa. Sanda, maji, dua, na makaburi si mbali. Mzee mmoja Mrangi, mwanachama wa siku nyingi, alinifuata siku moja baada ya Ijumaa akiwa na kikaratasi.

"Bwana katibu," akasema huku akicheka, "tunalipa sawa, tunazikwa nusu."

Alikuwa amepiga hesabu. Alichukua misiba ya Wakristo na ya Waislamu iliyotokea tangu ajiunge, akaandika kiasi ambacho chama kilitumia kwa kila mmoja. Tofauti ilikuwa ya aibu. Na alikuwa amekaa nayo muda mrefu bila kusema, kwa sababu alihofia itaonekana analeta udini. Sasa hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema jamii nzuri ni ile isiyohesabiana. Mzee yule alihesabu, na kwa kuhesabu alituokoa, maana vijana wa upande wake walishaanza kuzungumza kuunda chama chao. Tulibadilisha tena: kiasi kimoja, taslimu, mkononi mwa familia. Ukitaka kukodi lori, kodi. Ukitaka kuweka akiba ya khitma na arobaini, weka. Wakristo wenzangu walinung'unika sana kuhusu bei ya lori. Niliwaambia mlima hatukuwekewa na Mrangi.

Kuhusu fedha na watu walio mbali, nina neno. Kuna kijana wa mtaa huu anayefanya kazi bandarini Dar. Hajawahi kuhudhuria kikao. Ada zake zinakuja kwa simu kila mwezi bila kukumbushwa, na maturubai mapya tuliyo nayo, yale ya bluu, zaidi ya nusu ya bei yake aliitoa yeye. Wazee walikuwa wakimsema: "Pesa haichimbi kaburi." Nilikuwa nikiwajibu kwamba haichimbi, lakini sururu haiokotwi. Kijana aliyeko Dar akipanda basi kwa kila msiba wa mtaa, kazi atafukuzwa, na hapo tutakuwa tumepata mchimbaji mmoja na kupoteza turubai. Kila mtu anatoa kutoka pale alipo. Desemba akija, kama wote wanavyokuja na magari yakaijaza barabara ya kutoka Dar hadi Marangu, huwa anazunguka nyumba zote zilizofiwa mwaka huo na kilo mbili za sukari kila nyumba. Hilo nalo wazee hawalisemi.

Ugomvi ulizuka alipouliza hesabu. Aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp, kwa adabu: "Shikamooni wazee wangu. Naomba kujua mfuko una kiasi gani na matumizi ya mwaka yalikuwaje." Kimya. Baadaye mtu akatuma picha ya maua. Mwingine akatuma zaburi. Kisha mzee mmoja akaandika: "Mwanangu, huku hatuulizani hivyo."

Mweka hazina alikuwa sokoni. Aliporudi jioni alipiga picha kurasa zote za mwaka, moja moja, akazituma kundini bila neno hata moja. Nilipomuuliza baadaye kama hakukasirika kuulizwa na mtoto, alinishangaa. Baba yake alikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha kahawa Kibosho, chini ya KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro ulioandikishwa mwaka 1933 ambao jengo lake bado lipo katikati ya mji. Alikua akiona wakulima wakileta kahawa ya maganda kwenye gunia, wanapewa malipo ya kwanza, halafu wanangoja. Kahawa inakwenda kukobolewa, inauzwa mnadani hapahapa Moshi, na miezi baadaye ndipo yanakuja malipo ya pili. Mkulima amekukabidhi jasho lake la mwaka, anangoja kwa imani, na kitu pekee anachokuomba ni kwamba mizani iwe ya kweli na karatasi iwepo. "Baba alikuwa anatoa karatasi kabla hujaomba," alisema. "Anayengoja aombwe ameshachelewa." Alikuwa msichana serikali ilipovivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, na alikuwa na watoto wake viliporudi baada ya sheria ya 1982. Alisema jengo lilirudi, mizani zikarudi, lakini kuna wazee wa Kibosho waliokuwa wameshazoea kuuza kahawa kwa yeyote anayepita na pesa mkononi, na hao hawakurudi wote.

Mpaka leo kurasa zinapigwa picha kila robo mwaka. Hilo nalihesabu kuwa deni la chama kwa mtu mmoja mmoja, zito sawasawa na ada anayodaiwa. Tumezoea kuimba upande mmoja tu: mtu ni watu, umoja ni nguvu, usipozika hutazikwa. Yote kweli. Lakini mtu anapouliza pesa yake ilikwenda wapi, wimbo unabadilika ghafla, anaambiwa ana kiburi cha mjini.

Katika mikutano ya kurekebisha katiba tulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu, mtu wa kizazi cha Azimio la Arusha, yaani alikuwa kijana wa shule wakati Azimio linatangazwa Februari 1967, na bado hulitaja kama mtu anayemtaja mchumba wake wa kwanza. Siku moja alikuja na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ule uliopitishwa mwaka 1981 na kuanza kutumika mwaka 1986. Alitaka tuone kwamba jambo letu si la mtaani tu. Mikataba mingi ya haki, alisema, inamwambia mtu anachostahili. Huu wa Afrika ukifika kifungu cha 27 hadi cha 29 unamgeukia mtu na kumwambia anachodaiwa: ana wajibu kwa familia yake na kwa jamii, awaheshimu wazazi wake wakati wote na kuwatunza wakiwa na shida, atumie nguvu na akili yake kwa ajili ya taifa, aimarishe mshikamano. "Na mahakama yake," akaongeza kwa fahari, "ipo hapo Arusha. Mwendo wa basi tu."

"Mwalimu," akauliza kijana wa gereji, "hiyo mahakama ina maturubai?"

Tulipomaliza kucheka, dada mmoja muuguzi aliuliza swali la maana zaidi. Alisema vifungu hivyo vyote vinamsema mtu. Je, kuna mahali panaposema mtu naye anadai nini? Mwalimu akalamba kidole, akarudisha kurasa nyuma hadi kifungu cha 18. Hapo dola ndiyo inayodaiwa: iisaidie familia, na wazee na wenye ulemavu wawekewe hatua maalumu za kuwalinda. Akatusomea mara mbili. Mweka hazina alisema hicho ndicho angependa kiwe mwanzo wa katiba yetu, na mwalimu, ambaye alikuja kutufundisha wajibu, akajikuta ndiye anayeandika sura mpya iitwayo Chama kinadaiwa nini. Ina mambo manne tu: hesabu, taarifa, usawa wa malipo, na haki ya mwanachama kukataa michango isiyo ya msiba.

La mwisho nilipigania mimi. Kadi za michango ya harusi zilikuwa zimeanza kupitishwa kwenye vikao vya msiba, na kutochangia kukaanza kunong'onwa kama kutozika. Mimi nasema wazi: kifo hakichagui, harusi ina kamati, ukumbi na mshereheshaji. Kama una uwezo wa ukumbi, una uwezo wa kupunguza wageni. Nimechangia harusi nyingi kwa mapenzi yangu na nitaendelea, lakini si kwa kutishiwa kaburi. Baadhi ya majirani hawajanisamehe.

Sasa kilichobaki mezani ni wapangaji. Ni wengi kuliko wenye nyumba, wanakaa mwaka, wanakaa miezi sita, wanakwenda. Kwa katiba ilivyo, hawawezi kuwa wanachama mpaka wakae miaka miwili na wawe na mdhamini mwenye nyumba. Lakini msiba ukitokea, ndio wanaobeba viti, kwa sababu ndio wenye migongo. Muuguzi yule ni mpangaji. Anahudhuria mikutano kama mwalikwa, amewasitiri marehemu wetu wawili kabla gari halijafika, na hana kura. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tumewapa, ila kura tumeificha.

Wapinzani wana hofu ya kweli: mpangaji atalipa miezi mitatu, atafiwa na mzazi huko Mbeya, atachukua rambirambi, atahama. Inaweza kutokea. Mweka hazina ameshapendekeza njia: nusu ada, nusu fedha, nguvu zote za msiba, na kura moja kamili baada ya miezi sita. Mimi nitaiunga mkono katika mkutano ujao, na mwenyekiti analijua hilo vizuri sana, ndiyo maana ajenda hiyo ameiweka ya mwisho kabisa, baada ya mengineyo, saa watu wanapokuwa wameanza kutafuta kandambili zao mlangoni.